Mchoro au kisa cha mtu: uchague kipi unapoieleza sayansi kwa umma

Mtafiti anayetaka kazi yake itoke nje ya maabara hukutana na washauri wa aina mbili. Mmoja humwambia aweke picha, maana watu hawasomi. Mwingine humwambia asimulie, maana watu wanapenda visa. Wote wawili wana hoja, na bado hawajamsaidia, kwa sababu ana ukurasa mmoja, au dakika kumi za kuzungumza, au video fupi, na lazima aamue kipi kitangulie na kipi kikae pembeni.

Basi tuviweke bega kwa bega. Upande mmoja kuna kielelezo, yaani grafu, ramani, mchoro au picha. Upande wa pili kuna kisa cha mtu, awe mgonjwa, mkulima au mtafiti mwenyewe. Msimamo wangu nautoa mapema ili ujue pa kunibishia: kinachoamua ni mahali hadhira ilipokwama. Kama haijui ni kiasi gani, ni wapi, au kitu kimeundwaje, chora. Kama imeshajua lakini haijali, haiamini, au inaona jambo hilo ni la watu wengine, simulia. Makosa mengi ninayoyaona ni ya kubadilishana hivi viwili: mtu anawamwagia takwimu watu wanaozijua tayari, au anawaliza watu waliotaka tu kufahamu kama hatari ni kubwa au ndogo.

Kiasi na mahali: hapa mchoro hauna mpinzani

Chukua hewa ya ukaa. Tangu Machi 1958 imekuwa ikipimwa kwenye mlima Mauna Loa, Hawaii, kazi iliyoanzishwa na Charles David Keeling. Ukivichora vipimo hivyo unapata mstari unaopanda huku una meno kama msumeno. Kupanda kwenyewe ni habari ya kwanza: kutoka sehemu 315 hivi kwa kila milioni hadi zaidi ya 420. Meno ni habari ya pili, na ndiyo ninayoipenda zaidi. Kila mwaka kiwango hushuka wakati mimea ya kaskazini mwa dunia inapochipua na kuivuta hewa hiyo, kisha hupanda tena majani yanapopukutika na kuoza. Mstari mmoja unakuonyesha misimu ya dunia na mkono wa binadamu kwa wakati uleule. Jaribu kuyasema hayo kwa kisa cha mtu mmoja uone utakavyohangaika. Hakuna mtu aliyeamka asubuhi akahisi sehemu 420 kwa milioni.

Mwaka 2018 Ed Hawkins wa Chuo Kikuu cha Reading, Uingereza, alipunguza zaidi. Kila mwaka aliupa mstari mmoja wa wima: buluu kwa mwaka wenye baridi kuliko wastani, nyekundu kwa mwaka wa joto. Hakuna namba, hakuna mhimili, hakuna maandishi. Unatazama kutoka kushoto kwenda kulia, buluu inayeyuka kuwa nyekundu, umemaliza. Michirizi hiyo imeishia kwenye tai na mitandio ya shingoni, heshima ambayo grafu chache zimewahi kuipata. Bei yake nayo ipo: ukiulizwa joto limepanda kwa nyuzi ngapi, michirizi haikujibu. Huo ulikuwa uamuzi wa makusudi, na ni uamuzi ambao kila mchoraji wa sayansi hukutana nao. Ukitaka kieleweke haraka, kuna kitu lazima ukiache.

Mchoro ndio chombo cha kupimia hofu pia. Surua husababisha ubongo kuvimba kwa takriban mgonjwa 1 kati ya 1,000. Mzio mkali wa ghafla baada ya chanjo hutokea takriban mara 1 kwa kila dozi milioni. Ukiziandika namba hizo kwenye sentensi, masikioni mwa wengi zote mbili ni "nadra" tu. Sasa zichore. Panga vitone 1,000 kwenye skrini ya simu, safu 40 za vitone 25, kimoja chekundu na vilivyobaki vya kijivu. Hiyo ni surua, na kile chekundu unakiona bila kukitafuta. Kwa mzio wa chanjo, kwa kipimo hichohicho, msomaji angelazimika kupitia skrini 1,000 ili akutane na kitone chekundu kimoja. Huna haja ya kumchorea zote. Mpe tano za kijivu tupu, kisha mwambie zimebaki 995. Kidole chake kitaelewa kabla ya kichwa.

Lakini mchoro nao una uongo wake

Watu huamini walichokiona kwa macho yao, na hapo ndipo hatari ilipo. Mwaka 1965 mchoraji Rudolph Zallinger alichora safu ya viumbe wanaotembea kuelekea kulia, kuanzia anayefanana na nyani hadi binadamu aliyesimama wima. Mchoro ule umenakiliwa na kutaniwa mara zisizohesabika, na umewaachia watu wazo ambalo wanabiolojia hawachoki kulikanusha: kwamba mageuzi ni foleni moja iliyonyooka, na sisi ndio tuliofika mwisho wa foleni. Hali halisi ni matawi, mengi yakiwa yalikatika zamani. Maandishi yaliyoambatana na mchoro hayakudai foleni yoyote, ila nani aliyakumbuka maandishi? Swali la "kama tulitoka kwa nyani, mbona nyani bado wapo?" lingali linaulizwa kila siku, na mimi naulaumu mchoro ule kwa sehemu kubwa.

Ramani ya Mercator ni mfano wa aina nyingine. Ilitengenezwa mwaka 1569 kwa ajili ya mabaharia, na kazi yake ya kutunza uelekeo inaifanya vizuri. Ukiitundika ukutani kufundishia ukubwa wa nchi, Greenland inaonekana kukaribia Afrika kwa ukubwa, ilhali Afrika ni kubwa kuliko Greenland mara 14 hivi. Ramani haikukosea, imepewa kazi isiyo yake.

Kisha kuna rangi. Tarehe 10 Aprili 2019 dunia ilionyeshwa picha ya kwanza ya shimo jeusi, lile lililo katikati ya galaksi ya M87: duara la rangi ya chungwa lenye giza katikati. Picha hiyo ilitokana na mawimbi ya redio, na mawimbi ya redio hayana rangi ambayo jicho linaiona. Chungwa liliteuliwa ili kuonyesha mahali mawimbi yalipokuwa na nguvu zaidi. Hali ni hiyohiyo kwa picha za darubini ya James Webb, ambazo tumekuwa tukizistaajabia tangu Julai 2022: darubini hiyo hutazama zaidi mwanga wa infraredi, ambao jicho haliuoni, na rangi tunazoziona hupangwa baadaye. Hakuna udanganyifu hapo mradi useme. Sentensi moja chini ya picha inatosha: rangi zimeteuliwa, vipimo ni halisi. Wanaoiacha sentensi hiyo wanawapa wabishi silaha ya bure, maana siku mtazamaji akigundua peke yake ataanza kushuku na yale mengine yote.

Mambo madogo nitayapitia haraka. Grafu ya pau ianzie sifuri, la sivyo tofauti ya chembe itaonekana kama mlima. Usitegemee nyekundu na kijani kutofautisha vitu viwili. Kwa watu wenye asili ya Ulaya ya kaskazini, takriban mwanamume 1 kati ya 12 ana tatizo la kutofautisha rangi hizo. Buluu na chungwa hufanya kazi ileile bila kumwacha mtu nje. Na usidhani grafu husomeka yenyewe. Wakati wa janga la UVIKO-19 magazeti mengi yalitumia mhimili wa logi, ambao hugeuza ongezeko la maradufu kwa maradufu kuwa mstari ulionyooka. Kwa mtaalamu huo ni msaada mkubwa. Kwa msomaji wa kawaida, mstari ulionyooka maana yake ni kwamba mambo yanaenda polepole.

Kisa: kwa nini mtu mmoja huwashinda milioni

Mwaka 2007 watafiti Deborah Small, George Loewenstein na Paul Slovic walichapisha jaribio ambalo kila mtu anayeandika kuhusu sayansi angepaswa kulijua. Washiriki walipewa dola chache kwa kujaza dodoso, kisha wakaombwa wachangie kupambana na njaa. Baadhi walipewa takwimu za mamilioni ya watu wenye njaa katika nchi kadhaa. Wengine walipewa kisa cha msichana mmoja wa Mali, Rokia, mwenye miaka 7. Waliopewa kisa walitoa zaidi ya maradufu. Hilo huenda ulilitarajia. Lililowashangaza wengi ni kundi la tatu, waliopewa Rokia pamoja na takwimu: michango yao iliporomoka karibu na ile ya takwimu peke yake. Namba hazikukiongezea kisa uzito. Zilikizima.

Nalirudia hilo kwa sababu desturi yetu ni kinyume chake. Tunaanza na mama aliyempoteza mtoto, na aya inayofuata tunaandika "mama huyu ni mmoja kati ya wanawake..." tukidhani tumeongeza nguvu. Msomaji alikuwa ameketi na mtu, ghafla anaambiwa mtu huyo ni sehemu ya jedwali.

Kisa hufanya kazi nyingine ambayo mchoro hauiwezi: kuondoa aibu. Mwaka 1989 mwanamuziki wa Uganda Philly Lutaaya alitangaza hadharani kwamba ana virusi vya UKIMWI. Akiwa tayari anadhoofika, alizunguka kwenye shule na makanisa akizungumza, na alifariki Desemba mwaka huohuo. Kufikia wakati ule watu walikuwa wameshasikia kuhusu ugonjwa huo. Mabango yalikuwepo, maonyo yalikuwepo. Kilichokosekana ni mtu mashuhuri, anayejulikana kwa sura na sauti, ambaye angesema "ni mimi". Mchoro wa virusi hivyo, hata uwe mzuri kiasi gani, haukufanyi umtazame jirani yako mgonjwa kama binadamu.

Halafu kuna Gombe, magharibi mwa Tanzania, ambako Jane Goodall alifika Julai 1960 bila shahada ya chuo. Sokwe aliowachunguza aliwapa majina: David Greybeard, Flo, Flint. Alipokwenda baadaye kusomea uzamivu Cambridge aliambiwa alipaswa kuwapa namba, kwa kuwa majina yanaondoa umakini wa kisayansi. Leo watu ambao hawajawahi kusoma ripoti hata moja ya kitafiti wanajua kwamba sokwe aitwaye David alionekana akichomeka unyasi kwenye kichuguu na kuutoa ukiwa umejaa mchwa, wakati ambapo kutengeneza zana kulihesabiwa kuwa kazi ya binadamu peke yake. Jina ndilo lililokibeba kile kisa. Flo alipokufa mwaka 1972, gazeti moja la London lilichapa taarifa ya kifo chake. Unaijua namba yoyote ya maabara iliyowahi kuandikiwa tanzia?

Gombe hiyohiyo inatuonyesha pia mpaka wa kisa. Mwanawe Flo, Flint, alidhoofika na kufa wiki chache baada ya mama yake, na wengi husimulia kwamba alikufa kwa huzuni. Pengine. Lakini sokwe mmoja hawezi kukwambia ni mayatima wangapi hufa hivyo, wangapi hulelewa na ndugu zao, na wangapi huwa walikuwa wagonjwa tayari. Kwa hayo unahitaji miaka mingi ya kuhesabu, na hesabu hiyo ikishapatikana itahitaji grafu.

Kisa hakijui kuhesabu

Hili ndilo doa kubwa la kisa, na nimelitenga kwa sababu madhara yake ni makubwa kuliko ya grafu isiyoanzia sifuri. Mwaka 1998 Andrew Wakefield na wenzake walichapisha katika jarida la The Lancet makala kuhusu watoto 12, iliyoihusisha chanjo ya surua, matubwitubwi na rubela na usonji. Jarida liliifuta makala hiyo mwaka 2010, na Wakefield akaondolewa kwenye orodha ya madaktari wa Uingereza. Uvumi haukufutika, kwa sababu haukuwa umesimama juu ya makala. Ulisimama juu ya wazazi waliosema kwa uchungu wa kweli: mwanangu alichanjwa, kisha akabadilika. Dalili za usonji kwa kawaida huanza kuonekana karibu na umri uleule ambao watoto wengi huchanjwa, hivyo visa vya namna hiyo havitakosekana kamwe, hata chanjo isipohusika hata chembe. Utafiti wa Denmark uliochapishwa mwaka 2019, uliofuatilia watoto 657,461, haukuona uhusiano wowote.

Ukijibu machozi ya mzazi kwa namba hiyo ya tarakimu sita utashindwa, hata kama haki iko upande wako. Ushauri wangu ni kujibu kisa kwa kisa kwanza, cha mtoto aliyeugua surua, au cha daktari aliyemuuguza, kisha ndipo ulete vile vitone vya kijivu. Mpangilio una maana. Vitone vikitangulia, unaonekana mtu wa kupuuza uchungu wa wenzako.

Vilipokutana kwenye ramani ya kipindupindu

Kila anayezungumzia michoro ya sayansi humtaja daktari John Snow na ramani yake ya Broad Street, Soho, mjini London. Mwishoni mwa Agosti 1854 kipindupindu kililipuka, zaidi ya watu 500 wakafa katika siku kumi hivi, na tarehe 8 Septemba mpini wa pampu ya maji ya mtaa ukaondolewa. Kwenye ramani, kila kifo ni kipande kifupi cheusi kilicholazwa mbele ya nyumba, na nyumba zilizo karibu na pampu zina vipande vilivyopangana hadi vikawa rundo. Huhitaji kuelezwa.

Jambo ambalo husahaulika ni kwamba ramani hiyo ilichapishwa mlipuko ukiwa umekwisha, na kwamba haikuwashawishi wakubwa. Kamati ya bodi ya afya iliyoichunguza hoja ya Snow, kwamba maji ya pampu ndiyo yaliyoeneza ugonjwa, iliikataa mwaka 1855. Kwani ramani peke yake inaweza kusomeka vingine: labda hewa mbaya ya eneo hilo ndiyo iliyoua. Kinachoifunga njia hiyo ni kisa. Mjane mmoja aliyewahi kuishi Broad Street alikuwa amehamia Hampstead, mbali kabisa, lakini aliyapenda maji ya pampu ile kiasi cha kuletewa chupa kila siku. Aliyanywa, akafa. Mpwa wake aliyemtembelea akitokea Islington aliyanywa, akarudi kwao, akafa naye. Hampstead haikuwa na kipindupindu. Hewa ya Soho haikumfikia mjane huyo; maji yalimfikia. Upande wa pili kuna wafanyakazi wa kiwanda cha bia kilichokuwa hatua chache kutoka kwenye pampu, zaidi ya 70, ambao hakufa hata mmoja. Walikuwa na bia yao na kisima chao.

Hapa kisa hakikuwekwa ili kupamba wala kuliza. Mjane ni ushahidi, na ni ushahidi ambao ramani haikuwa na mahali pa kumchora. Kwangu hiki ndicho kipimo cha juu kabisa cha kuvitumia viwili pamoja: kila kimoja kijibu swali ambalo kingine hakiwezi. Kama kisa chako kinarudia tu kile grafu ilichokwisha kusema, kiondoe.

Gharama, na nani analipa

Mchoro mzuri hulipiwa kwa ujuzi na saa za kazi, na ukishakamilika unaweza kutumika miaka. Kisa hulipiwa kwa uaminifu, na anayelipa mara nyingi ni mwenye kisa. Mwaka 1951 seli za Henrietta Lacks, mgonjwa wa saratani, zilichukuliwa katika hospitali ya Johns Hopkins, Marekani, bila yeye kuulizwa. Alifariki Oktoba mwaka huo. Seli zake, HeLa, zikaendelea kukua kwenye maabara za dunia nzima, na familia yake ikaja kujua katika miaka ya 1970. Mwaka 2013 watafiti waliweka hadharani jenomu ya seli hizo, yaani taarifa zake zote za urithi, tena bila kuiomba familia ruhusa, wakalazimika kuiondoa. Kisa cha mgonjwa mwenye ugonjwa wa kurithi si chake peke yake, ni cha dada zake na wanawe pia. Kwa hiyo ruhusa ya maneno ya haraka mbele ya kamera haitoshi. Msomee alichosema kama utakavyokitoa, mwambie kitaonekana wapi, na mpe nafasi ya kukataa kesho alichokubali leo. Kama huna muda wa kufanya hivyo, huna muda wa kutumia kisa. Chora.

Redioni mjadala umekwisha kabla ya kuanza: simulia. Kwenye bango la ukutani ambalo watu hulipita wakitembea, chora. Kwa watunga sera ningeanza na mchoro mmoja usio na msongamano, kisha kisa kifupi cha mwisho, maana hao huulizwa namba na wakubwa zao. Kwa jamii iliyowahi kudanganywa na watafiti ningeanza na mtafiti mwenyewe akisimulia alivyofika kwenye swali lake na alipokwama, kabla ya grafu yoyote. Na kwa jambo ambalo madhara yake ni nadra sana, usitumie kisa cha mtu aliyedhurika bila vitone vya kumrudisha kwenye ukubwa wake.

Kabla hujachapisha, mtafute mtu asiye wa fani yako. Mwonyeshe mchoro kwa sekunde tano, uufunike, umwombe akueleze ulisema nini. Akianza kutaja rangi badala ya jambo, rudi mezani. Msimulie kisa, kisha muulize anadhani hutokea kwa watu wangapi kati ya elfu. Akikujibu "wengi tu" ilhali ni mmoja, kisa chako kimekuwa kikubwa kuliko ukweli, na hapo ndipo pa kukifuatisha na mchoro.